Santuri ya Armstrong na Mchezo wa Binti Yangu

Juma lililopita niliwaahidi wasomaji wa ukurasa huu kwamba nitaandika juu ya kutunza hesabu za nyumbani. Naomba radhi. Mtu ambaye hesabu zake mwenyewe zimepinduka hana haki ya kuwafundisha wengine, na kwa hiyo leo nitaeleza jinsi zilivyopinduka.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni mpenzi wa jazi. Hapa sharti nifafanue, kwa maana neno hilo lina watoto wengi. Marehemu baba aliniachia sanduku la santuri za Shirati Jazz, Victoria Jazz na Morogoro Jazz, na mpaka nilipoingia shule ya sekondari ya misheni nilidhani jazi ni magitaa tu. Huko ndiko mwalimu mmoja alipotupigia Louis Armstrong, tarumbeta ikipanda peke yake kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo, nami nikaduwaa. Tangu siku ile nina mapenzi mawili chini ya jina moja. Wazee wa Nairobi wanakumbuka kwamba Armstrong huyo alifika hata mjini humu mwaka 1960, alipoizuru Afrika na bendi yake.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba neno jazi, lilipoanza kuonekana katika magazeti ya California mwaka 1912 na 1913, halikuhusu muziki hata kidogo. Lilihusu mchezo wa mpira uitwao besiboli, na waandishi walilitumia kueleza nguvu na uchangamfu wa wachezaji. Muziki ulilipata jina hilo baadaye. Nilipolisoma jambo hili nilianza kuufuatilia mchezo wenyewe, na sasa sina usingizi. Mchezo unaoanza New York saa moja ya jioni wakati wa kiangazi chao, hapa kwetu ni saa nane ya usiku. Mimi hulala na simu sikioni, na asubuhi hupiga miayo juu ya majalada ya Serikali.

Msidhani besiboli ni mchezo mgeni sana. Mwenye binti katika shule ya msingi ameiona raunda. Basi hawa ni ndugu. Mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alikoanzia. Wamarekani wanacheza tisa kila upande, na kila upande una zamu tisa za kupiga. Kinachonistaajabisha ni kwamba mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi anahesabiwa kuwa hodari sana. Mimi nikikosea barua saba katika kumi, sijui kama ningeuona mwezi wa pili kazini.

Armstrong mwenyewe aliupenda mchezo huo. Mwaka 1931, aliporudi New Orleans alikozaliwa, alikuwa na timu ya vijana wa pale aliyoigharimia, akawavika nguo mpya nyeupe zenye jina lake kifuani. Timu ikaitwa Tisa wa Siri wa Armstrong. Hakuwa peke yake kuunganisha mambo haya mawili. Yuko Charley Pride, ambaye nyimbo zake zinapendwa mno hapa Kenya, hata wakulima wengi wanazijua bila kujua kwamba aliyeziimba alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba wa Mississippi, naye mwenyewe aliivuna pamba hiyo. Alitaka kuondoka shambani kwa njia ya besiboli, akawa mtupaji wa timu ya Memphis Red Sox. Baadaye alipofanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha madini huko Montana, alikuwa akiichezea timu ya kiwanda, na wakuu wake walipomsikia akiimba wakamwongeza dola 10 ili aimbe kabla ya mchezo. Alifariki Desemba 2020, akiwa na sifa ambayo mpira haukumpa.

Hadithi hizi zote namsimulia binti yangu, mwenye miaka 11, ambaye ndiye mpigaji wa kwanza katika timu ya raunda ya shule yake. Anayoipenda kuliko zote ni ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, kijana aliyelelewa katika chumba kimoja ndani ya jumba la klabu ya besiboli huko Randburg, kwa sababu mama yake alikuwa ameajiriwa hapo. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na timu ya Pittsburgh, alikuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani humu kucheza katika ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira vema akafika kituo cha kwanza. Binti huniuliza kila mara chumba kile kilikuwa na ukubwa gani. Sisi pia tunaishi katika chumba kimoja hapa Kibera, tukiwa watano, na treni ya Kisumu ikipita vikombe hulia kabatini.

Sasa nifike penye aibu. Mwanzoni mwa mwezi nilipita Soko la Kenyatta, mahali panapouzwa santuri za zamani, nikaiona ya Armstrong ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa miaka minne. Bei yake ilikuwa shilingi 1,500. Mfukoni nilikuwa na fedha za chakula na mitihani vya shule ya binti, shilingi 1,400, pamoja na za nauli. Nikajiambia kwamba mshahara utaingia Ijumaa na shule haitamfukuza mtoto kwa siku mbili tatu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nimeikumbatia santuri kama mtoto mchanga.

Jumatano jioni nilimkuta binti ameketi mlangoni na mkoba wake. Alikuwa amerudishwa tangu saa nne. Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya kucheza na shule moja ya Kawangware. Mama yake hakupiga kelele, alisema tu, “Baba watoto, mwambie mwenyewe.” Nikaeleza, nikayarefusha maneno, nikataja mshahara na Ijumaa. Mtoto akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu kabisa:

“Baba, huyo Armstrong si ndiye aliyenunulia timu nzima nguo?”

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikusikiliza mchezo wowote.

Alfajiri nilishika njia kwenda Kawangware, kwa rafiki yangu fundi wa redio, mzee anayependa santuri kuliko mimi ila ana akili zaidi. Akaigeuza geuza penye taa, akaipuliza vumbi. “Karani, nitakupa elfu moja na mia nne,” akasema. “Ile mia ni ya kukufundisha.” Sikubishana. Kufikia saa mbili na nusu nilikuwa nimelipa shuleni, na kazini nilifika nimechelewa, nikatiwa alama nyekundu ninayoistahili. Lakini majina ya wachezaji yalikuwa yamekwisha kuandikwa tangu jana yake. Binti alikwenda na wenzake, akapewa kazi ya kulinda viatu na masweta. Walishindwa kwa mizunguko miwili.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba karani wa chumba kimoja hana haja ya tarumbeta za Marekani. Sikubali. Baba yangu alikuwa seremala, na santuri zake zilitufanya watu katika nyumba ambayo haikuwa na kitu kingine cha kuonyesha wageni. Ninachokubali ni kwamba yeye alinunua zake baada ya kulipa karo zetu, na mimi nilinunua yangu kabla.

Jumapili mzee fundi alituita tukaisikilize. Tulitoka Kibera mimi na binti, tukafuata Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, tukakata kuingia Barabara ya Naivasha. Karibu na kufika akanivuta mkono kando, kwenye kiwanja chenye vumbi ambapo walicheza. Akanionyesha alipokaa na viatu. Kisha akaenda kusimama mahali pa mpigaji, mikono mitupu, akapima ule ukuta wa mabati upande wa pili, akaniambia kwamba mtupaji wao hutupa chini sana na kwamba mpira wa namna hiyo yeye angeuvusha pale. Nikamwuliza ni lini watarudiana. Akasema ni muhula ujao, na kwamba majina huandikwa siku moja kabla.