Zebaki Iondoke, Namba Ibaki

Neno "homa" tumelibebesha mengi mno. Mwenye mafua ana homa, mwenye malaria ana homa, na aliyeamka na uchovu tu naye anasema anasikia homa. Katika maongezi hakuna ubaya. Tabu inaanza pale mzazi wa Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, anapofika duka la dawa muhimu, anaeleza kwamba mtoto kachemka usiku kucha, kisha anaondoka na dawa mseto bila mtoto kupimwa chochote. Singida si Kigoma wala Geita. Takwimu za kitaifa zimekuwa zikiuweka mkoa huu miongoni mwa ile yenye malaria kidogo. Mara nyingi, basi, mtoto anayechemka hapa anasumbuliwa na kitu kingine: kifua, sikio, njia ya mkojo. Kipimajoto hakitasema ni kipi. Kitasema kama homa ipo, ni ya kiasi gani, na kama imeshuka baada ya panadol, na hayo ndiyo maelezo ambayo mganga wa zahanati anayahitaji kabla hajachukua damu.

Kipimajoto cha kioo kimewashinda wengi bure. Kabla ya kukitumia, kishike upande usio na zebaki ukikung'ute kwa nguvu mpaka uzi ushuke chini ya 35. Hatua hii husahaulika kuliko zote. Juu kidogo ya ncha pana shingo nyembamba inayouachia uzi upande lakini haiuachii urudi wenyewe, kwa hiyo asiyekung'uta anasoma homa ya mgonjwa wa jana. Ncha ikae katikati ya kwapa kavu, mkono ubanwe kifuani, dakika tano. Kisha kipeleke usawa wa macho ukizungushe taratibu kati ya vidole. Kioo kimetengenezwa ili kiukuze uzi, ila unaonekana kwa pembe moja tu, na ukiipata utaona utepe wa rangi ya fedha umejitokeza ghafla. Kati ya 37 na 38 pana vipande kumi. Kwa mtoto, kuanzia 37.5 kwapani wahudumu wa afya wanahesabu kuwa ni homa. Kwa kichanga, chini ya 35.5 nako ni hatari, jambo ambalo watu hawalitegemei. Na mtoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu au aliyeshikwa na degedege apelekwe zahanati hata kama uzi umesimama 36.8.

Baada ya kuusifu uzi huo, lazima niseme pia kwamba wakati wake umekwisha. Singida inaijua zebaki kuliko mikoa mingi: wachimbaji wadogo wa Sekenke na Londoni huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia kifuani. Ndani ya kipimajoto mna gramu moja hivi, na watu husema kiasi hicho si kitu. Kweli, ikiwa ndani ya kioo haimdhuru mtu. Kioo kikivunjika juu ya godoro, vishanga vya zebaki hukimbilia kwenye mishono na nyufa za sakafu, vikaendelea kutoa mvuke usio na harufu katika chumba anacholala mtoto. Ufagio huvitawanya tu. Vikusanywe kwa karatasi ngumu, vitiwe kwenye chupa yenye kifuniko, madirisha yakiwa wazi na watoto nje. Mkataba wa Minamata, wenye jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwandani, ulipitishwa 2013 na kuweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipimajoto hivi. Tanzania imeuridhia.

Badala yake kuna kipimajoto cha betri, ila wapo wanaosema ni cha wenye nacho na hudanganya. Betri ikichoka kweli husumbua, lakini namba nyingi zinazoitwa za uongo hutokana na kwapa lenye jasho au kukitoa kabla hakijalia. Wengine wanasema mkono wa mama unatosha. Tafiti zinaupa mkono huo haki yake nusu: mama akisema mtoto hana joto, mara nyingi yuko sahihi, akisema anachemka, hukosea zaidi. Wala mkono haumwambii mganga kama jana ilikuwa 38.2 na leo ni 39.5.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kioo kitaondoka na ujuzi wake, kisha kila nyumba ibaki na kidude kinacholia na namba isiyojulikana maana yake. Siku ya kliniki akina mama huonyeshwa mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto, na wengi wanaufuata vizuri. Dakika kumi za kipimajoto zingeweza kuingia hapo hapo, na halmashauri ingeweka katika kila kituo cha afya chombo chenye kifuniko cha kupokelea vile vya zamani, maana kwa sasa mwenye nacho hana pa kukipeleka zaidi ya jalalani.