Kipimo cha mate kazini: fungua mdomo ukijua haki yako



Wengi wetu hapa ughaibuni tunabeba boksi. Ukiomba kazi kwenye maghala na viwanda vya huku Preston Highway au karibu na uwanja wa ndege, mara nyingi utapimwa dawa za kulevya kabla ya kuanza. Zamani ilikuwa mkojo, siku hizi waajiri wengi wanachukua mate. Mimi ni muuguzi, nimesomea nyumbani na hapa Marekani, na maoni yangu ni haya: kipimo cha mate kina heshima kuliko cha mkojo, lakini kinatenda haki pale tu anayepimwa anapoelewa kinachofanyika.

Tuanze na hofu. Waliokuja miaka ya karibuni wanakijua kijiti cha mdomoni kama kipimo cha Ukimwi. Kenya, kwa mfano, ilizindua mpango wa watu kujipima wenyewe mwaka 2017. Basi mtu akiambiwa afungue mdomo, anadhani anachunguzwa Ukimwi, anakataa na kuondoka. Ndugu, kukataa kunaweza kukukosesha kazi sawa na kushindwa. Kipimo hiki hakiangalii Ukimwi wala mimba. Kinatafuta bangi, kokeni, heroini na jamii yake, amfetamini na nyinginezo.

Yafuatayo uyazingatie:

1. Usile, usinywe wala usivute chochote angalau dakika 10 kabla. Kijiti hukaa kati ya shavu na ufizi, au chini ya ulimi, kwa dakika chache. Usikitafune. Kama mdomo umekauka kwa sababu ya saumu, sema mapema.

2. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na chupa ifungwe na kubandikwa lebo ukiona, ndipo usaini.

3. Andika majina ya dawa zote unazotumia na utunze vyeti vya daktari. Dawa ya kikohozi yenye kodeini uliyoletewa na shangazi kutoka nyumbani inaweza kuleta jibu chanya, na bila cheti utajieleza vipi?

Mate huonyesha matumizi ya karibuni, kwa kawaida siku moja au mbili. Mkojo unaweza kurudi nyuma zaidi, hasa kwa bangi.

Ninapogombana na baadhi ya waajiri ni hapa: kipimo cha papo kwa papo ni cha mchujo tu, na kinaweza kukosea. Si haki kumfukuza mtu kwa mstari mmoja kwenye kijiti. Sampuli ipelekwe maabara kuthibitishwa, kisha daktari anayehakiki majibu ampigie mhusika simu. Kwa madereva wa malori walio chini ya kanuni za usafirishaji za serikali kuu, hiyo ni sheria, na wana saa 72 za kuomba sehemu ya pili ya sampuli ipimwe katika maabara nyingine. Wa ghalani hana kinga hiyo kila mahali, kwa hiyo aiombe mwenyewe. Na simu ya namba usiyoijua ikilia siku hizo, ipokee, uombe mkalimani.

Kuhusu bangi, msishauriane kwa simu kutoka mji hadi mji. New York tangu 2021 kwa kawaida inamkataza mwajiri kupima bangi, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria inataka. Ohio wapiga kura waliiruhusu mwaka 2023, lakini mwajiri bado anaweza kukufukuza. Kentucky ilifungua mlango mwaka 2025 kwa wagonjwa wenye kadi tu, na mwajiri anabaki na haki ya kuikataza. Isitoshe, idara ya uraia na uhamiaji ilitangaza mwaka 2019 kwamba kutumia bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kukwamisha ombi la uraia. Miraa nayo, hata kama haimo kwenye orodha ya kawaida ya vipimo, si halali nchi hii.

Kwa waajiri wanaotutegemea usiku na mchana: karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili haigharimu kitu, na itaokoa wafanyakazi wazuri. Kwetu sisi: kuuliza si ujinga. Uliza kabla ya kusaini.

Kwa leo naishia hapa. Kazi njema, na afya njema.