Shule Isiwe Mirathi

Jamaa zangu wa Tanga,

Khabari iliyonifikia juzi, kwamba ile shule ya mtaani kwetu iliyojinasibu kwa kibao kikubwa kuwa ni ya kimataifa imefungwa, kwa kuwa mwenyewe amefariki na warithi wamegawana madarasa kama wagawanavyo minazi, imenikaa kifuani hata chai haipiti.

Kila jioni basi langu hupita Edgbaston, hapa Birmingham, Uingereza, karibu na King Edward's School, iliyoasisiwa mwaka 1552 kwa hati ya Mfalme Edward wa Sita, ikapewa ardhi za chama cha dini kilichovunjwa, na ijara ya ardhi hizo ikawa ndiyo riziki yake. Mfalme akafa, shule ikahama New Street mwaka 1936, na hakutokea mrithi wa kudai hata dawati. Hawa Waingereza hawana neno wakfu. Sisi tunalo, na wazee wetu waliweka wakfu misikiti na visima. Shule tumeziachia karo na umri wa mwenyewe!

Wala siwatukuzi Wazungu. Mtaala wa Baklaurea ya Kimataifa King Edward's waliuingiza mwaka 2010, hali Moshi unasomeshwa tangu 1977, katika shule iliyofunguliwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wageni waliokuja kufanya kazi hospitali ya KCMC, ikapanuka hadi Arusha, na mwaka 2019 ikaingia katika jumuiya ya United World Colleges. Imekua kwa sababu haikuwa mali ya mtu.

Basi mwenye nyumba ya kupangisha Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, aiandike wakfu wa shule, msimamizi atajwe katika hati, na hesabu zisomwe mbele ya wazazi kila mwaka. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi; hilo mwalijua kuliko mimi, ila uvivu, wapenzi wangu, uvivu!

Mtasema, anayesema ni nani? Ni mwalimu aliyeliacha darasa la saba katikati ya mwaka kwa ajili ya viza, na wale watoto sikuwaaga. Kiwanja changu cha Pongwe, nilichokusudia nyumba ya uzeeni, nakitoa. Hati imo sandukuni kwa dada. Mpelekeeni wakili, mnijibu kabla ya Ramadhani.