Bolti zenye kutu, petroli mdomoni

Baba yangu amestaafu ualimu, lakini ubishi bado hajastaafu. Mwisho wa mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Tanga kupumzika siku mbili, na Jumamosi saa mbili asubuhi nikamkuta uani amelala chali chini ya pikapu yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Kaka yangu amechuchumaa pembeni na sanduku la spana. Pampu ya mafuta ilikufa tangu Jumatano, na pikapu hiyo ndiyo inayobeba machungwa kutoka Muheza. Kila siku inayolala uani ni hela inayolala uani.

Fundi alishataja bei yake. Baba akaona kwa bei hiyo bora anunue pampu mwenyewe na kuifunga mwenyewe. "Ni bolti nane tu, mama," aliniambia kutoka chini ya gari. Mama ndilo jina analoniita akiwa na furaha.

Wasomaji wa safu hii mmezoea nikiwaletea presha, kisukari na chanjo za watoto. Leo nivumilieni twende uani, kwa sababu siku ile iliishia hospitali, na kila kilichotokea nimeshakiona katika nyumba nyingine nyingi tangu nianze kazi hii.

Kwa wasiojua, kwenye magari mengi ya petroli ya siku hizi pampu imezama ndani ya tangi lenyewe. Magari madogo mengi unaifikia kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Pikapu nyingi hazina njia hiyo, inabidi tangi lishushwe chini. Na tangi limeshikwa na bolti ambazo kwa miaka yote zimekuwa zikirushiwa tope na maji. Sisi watu wa pwani tunaongeza na upepo wa bahari wenye chumvi. Baadhi ya magari haya yamefika kwetu yakiwa na kutu tayari, kwa sababu yalitembea Japani kwenye mikoa ya theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi.

Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka, na kikigeuka kinavimba. Bolti inajaa ndani ya tundu lake mpaka inakuwa kama imemezwa. Ndiyo maana mtu anavuta spana kwa nguvu zote na kinachotoka ni kichwa cha bolti peke yake.

Sasa kosa la kwanza. Tangi lilikuwa na mafuta karibu nusu, na tangi lenye mafuta ni zito, lazima limwagwe kwanza. Baba akachukua kipande cha mpira, akatumbukiza upande mmoja tangini, upande mwingine mdomoni, akavuta. Amefanya hivyo tangu ujana wake. Safari hii mafuta yalikuja kwa kasi kuliko alivyotarajia, akapaliwa. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, akatema, akasukutua, akacheka. Kaka naye akacheka. Mama akatoka jikoni na kikombe cha maziwa.

Nilikichukua kile kikombe nikakiweka chini. Mama hakufurahi, na mpaka leo ananikumbusha. Lakini imani hii ya maziwa nimeikuta kila mahali, na kwenye petroli ni ya hatari. Wengi wanadhani tatizo la petroli ni tumbo. Tatizo kubwa ni mapafu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, haina unato, na tone dogo likiingia kwenye njia ya hewa linasambaa haraka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuyaunguza. Ukimpa mtu maziwa, au ukamtia kidole atapike, unaipa petroli nafasi ya pili ya kupita kooni na kuteleza kwenda kusiko. Asitapishwe. Asukutue mdomo na kutema, avue nguo zilizolowa mafuta, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe akaangaliwe.

Na kile kikohozi cha papo hapo si cha kuchekea. Aliyekohoa au kupaliwa wakati petroli iko mdomoni, huenda kuna iliyoshuka. Anaweza kuonekana mzima kabisa, halafu baada ya saa chache akaanza kuhema kwa shida na kupata homa. Ndiyo maana hospitali hupenda kumshikilia mtu kama huyo kwa takriban saa sita hata kama anatembea na kupiga stori.

Nilimwambia Baba hayo yote. Akanijibu, "Mwanangu, hii petroli nimeinyonya kabla hujazaliwa," akarudi chini ya gari. Ukiwa mtoto wa mwisho, tena wa kike, na mbele yako amesimama mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa, digrii yako haina uzito wa kumtoa mtu chini ya pikapu. Nikabaki nimesimama pale, nahesabu jinsi anavyohema.

Bolti sita zilitoka. Mbili za nyuma zikagoma. Kaka akazivuta mpaka pembe za kichwa zikalika na spana ikaanza kuteleza. Ilipoteleza mara ya pili mkono wake ukagonga chasi na ngozi ya vidole vitatu ikachanika. Hapo ndipo akapata wazo la kumwita fundi wa kuchomelea aliyeko nyumba ya nne, aje na mtungi wake wa gesi azipashe moto. Ni kweli kwamba mafundi hupasha bolti moto zikigoma, na kweli zinalegea. Lakini hii ilikuwa imeshika tangi la petroli.

"Tangi si tupu?" Kaka akauliza.

Wasomaji, hili ndilo lililonifanya niandike. Tangi lililomwagwa si tupu. Limebaki na mvuke, na kinachowaka ni mvuke, si yale maji maji. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, sembuse joto la Tanga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Unatambaa chini, unajaa pale pale alipolala anayefungua bolti, unaweza kusogea hata mpaka kwenye jiko la mkaa la jirani. Tangi lililojaa mpaka juu halina nafasi ya hewa ndani. Lile lililomwagwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na hapo linaweza kulipuka likipata moto.

Fundi alikuja. "Shikamoo, mwalimu." Akainama, akanusa, akasimama wima. Akaomba samahani kwa adabu zote, akasema hapo hawashi kitu, akaondoka na mtungi wake. Hakusema zaidi ya hapo. Baba hakubishana naye hata neno moja, na mimi nilikuwa nimebishana naye asubuhi nzima.

Saa saba mchana Baba alikuwa ameketi kivulini na hataki kula. Alikuwa anahema haraka haraka, pumzi fupi, na mwili umepata joto. Tulikodi Bajaji. Hospitalini walimpima kiwango cha oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, kikawa chini ya inavyotakiwa, wakampiga picha ya kifua. Upande wa kulia chini kulikuwa na weupe. Daktari alitueleza kwamba hayo ni mapafu yaliyounguzwa na kemikali, kwamba homa ile haikuwa lazima itokane na vijidudu, na kwamba dawa kubwa ni oksijeni na kuangaliwa kwa karibu. Hapo nawasihi msikimbilie kununua vidonge vya antibayotiki dukani mkadhani mmemaliza. Baba alilazwa usiku mbili. Gharama sitaitaja, Mama alishaitaja sana.

Bolti zilifunguliwa Jumatatu na fundi yule yule wa bei kubwa. Nilimkuta uani niliporudi kutoka wodini, nikakaa kumtazama. Kwanza alitoa lile tofali lililokuwa limeshikilia gari na kuweka stendi za chuma. Tofali linaweza kupasuka bila taarifa, na jeki peke yake si ya kulala chini yake. Akachomoa waya wa betri. Akavaa miwani ya kukinga macho, kwa sababu anayefungua bolti akiwa chali, kutu yote inamdondokea usoni. Kipande cha chuma kikinasa kwenye jicho huacha duara la kutu pale pale, na kukifikicha ndiyo kukizamisha. Ni kuosha jicho kwa maji mengi safi, na kisichotoka kiachiwe wataalamu wa macho.

Alizisugua zile bolti mbili kwa brashi ya waya, taratibu, akazipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kunywa chai. Akarudi, akazigonga kidogo kidogo kwa nyundo ili mafuta yapenye, akapuliza tena. Kesho yake ndipo aliposhika spana. Hakuvuta kama Kaka. Alianza kwa kuikaza bolti kidogo, kisha akailegeza kidogo, akakaza tena, akalegeza, kila mara inasogea zaidi. Kwa kile kichwa kilicholika alitumia koleo la kubana lenye kujifunga. Moja ilitoka nzima. Ya pili ilikatika, akaikata iliyobaki kwa msumeno wa mkono, pole pole, huku kaka akishika ndoo ya mchanga. Grainda hakuigusa, maana cheche zake ni moto ule ule. Tangi liliposhuka alisafisha vumbi lote juu yake kabla ya kutoa pampu. Bolti za kurudishia zilikuwa mpya, akazipaka grisi ili safari ijayo zisigome.

Kwa anayefanya kazi hii nyumbani, ifanyieni nje, pasipo jiko wala sigara, watoto na simu mbali. Mafuta yanyonywe kwa pampu ya mkono. Kuna mpira wenye kibofu cha kubinya kwenye maduka ya vipuri. Moto wa petroli haumwagiwi maji, unafunikwa kwa mchanga au unapuliziwa mtungi wa unga, na Zimamoto wanapatikana kwa 114.

Nimalizie na vidole vya Kaka. Watu husema kutu inaleta pepopunda. Si kutu yenyewe, ni vijidudu vinavyoishi kwenye udongo, vumbi na samadi, na chini ya gari vyote hivyo vimejaa. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni, halafu mtu ajiulize sindano ya mwisho alichomwa lini. Akina mama hukumbushwa wakiwa kliniki na ujauzito. Wanaume hawana kliniki hiyo, na wengi mara ya mwisho ilikuwa shuleni, au mgongoni kwa mama yao.

Baba anaendelea vizuri, amesharudi Muheza na pikapu. Ameninong'oneza kwamba amenunua ile pampu ya kubinya, nisimwambie Mama bei. Kaka anasema sindano atakwenda kuchomwa Jumatatu. Hii ni Jumatatu ya tatu anaitaja.