Kompyuta Mpya, Mwendo wa Kinyonga: Tumlaumu Nani?

Katika nchi yetu, kompyuta mpya inapokuwa nzito, lawama huelekezwa pande mbili zilizozoeleka. Ama mwenye nayo huambiwa kwamba ameingiza virusi, ama huambiwa kwamba mtandao unasumbua. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la msingi: kompyuta hii iliundwa ili iweze kazi gani, na je, mnunuzi aliambiwa? Hoja yangu ni kwamba uzito wa kompyuta mpya, kwa sehemu kubwa, huamuliwa kabla haijafika nyumbani. Kwa hiyo si suala la fundi peke yake. Ni suala la haki ya mnunuzi na, pale serikali inapokuwa ndiyo mnunuzi, ni suala la fedha za umma.

Dada mmoja wa ukoo wetu, ambaye ni mtumishi wa umma, alidunduliza akiba ya miezi mingi akanunua kompyuta mpakato kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa anaanza chuo. Boksi lilikuwa limefungwa, risiti ya EFD ilitolewa, kila kitu kilionekana sawa. Ndani ya wiki moja kijana alikuwa akiiwasha kisha anakwenda kuoga, akirudi bado haijatulia. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafuta kila kitu, akalipwa, na mashine ikarudi na uzito uleule. Dada aliponiletea aliuliza swali moja tu: "Kaka, hii ni feki?" Haikuwa feki. Ilikuwa halisi kabisa, na ilikuwa ikifanya kazi kama ilivyoundwa. Hilo ndilo lililonisikitisha zaidi.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji shahada. Katika mfumo wa Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha ni kiasi gani cha prosesa, cha RAM na cha diski kinatumika wakati huo. Katika mashine ya dada yetu, prosesa ilikuwa imetulia, RAM ya gigabaiti 4 ilikuwa imekaribia kujaa, na diski ilikuwa asilimia 100 bila kushuka. Hapo jibu lilikuwa limekwisha kupatikana.

RAM ni kama meza ya fundi cherehani, na diski ni stoo yake. Meza ikiwa pana, vitambaa vyote vya kazi ya leo hukaa juu yake. Meza ikiwa finyu, fundi hulazimika kukikunja kitambaa kimoja na kukipeleka stoo kila anapotaka kukishika kingine. Kompyuta hufanya hivyohivyo: RAM ikijaa, huazima nafasi katika diski. Sasa fikiria stoo hiyo iko ng'ambo ya barabara. Diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka, kwa aina iliyozoeleka katika kompyuta mpakato, huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili isome kipande kimoja cha taarifa, lazima mkono wake usogee na sahani ifike mahali pake, na kwa hesabu hiyo haiwezi kusoma hata vipande 100 vilivyotawanyika katika sekunde moja. Diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, husoma makumi ya maelfu. Ndiyo maana kompyuta yenye prosesa ya kawaida na SSD huonekana nyepesi, na yenye prosesa nzuri na diski ya kuzunguka huonekana mgonjwa.

Muuzaji atajitetea kwamba gigabaiti 4 zinatosha, na kwa maandishi atakuwa sahihi. Kampuni ya Microsoft, ilipotoa Windows 11 mwaka 2021, ilitaja RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 kuwa kima cha chini. Watumishi wa umma hawahitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo. Kima cha chini kinakuwezesha kufika kazini. Hakikuambii utaishije baada ya tarehe 15. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi, waraka mmoja na mkutano wa video, na meza ya fundi imekwisha kujaa. Zipo pia kompyuta za bei nafuu ambazo hifadhi yake ya gigabaiti 64 ni ya aina ya eMMC, iliyogandishwa kwenye ubao mkuu. Ikijaa, na hujaa upesi kwa kuwa mfumo peke yake huchukua sehemu kubwa, huwezi kuibadilisha.

Kisha kuna ulaghai wa majina. Mnunuzi huambiwa "hii ni i7" kana kwamba herufi na tarakimu hiyo ni cheo cha kudumu. Si cheo. Ipo i7 ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2013, na zipo i3 za miaka ya karibuni zinazoipita mbali. Kizazi ndicho kinachosema ukweli, na kizazi ndicho kisichoandikwa kwenye karatasi ya bei. Nayo Intel ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaachana na majina ya Celeron na Pentium katika kompyuta mpakato kuanzia mwaka uliofuata, na prosesa za daraja hilo zikaitwa "Intel Processor" tu. Mnunuzi aliyekwisha kujifunza kuwa mwangalifu na Celeron amenyang'anywa hata alama hiyo.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Si kila mashine nzito katika siku zake za kwanza ina kasoro. Ikiunganishwa na intaneti kwa mara ya kwanza, hupakua masasisho, huorodhesha mafaili yote na kujikagua usalama, yote hayo nyuma ya pazia. Iachwe kwenye chaja kwa saa kadhaa, tena penye mtandao usio wa bando, ndipo ihukumiwe. Itazamwe kama imewekwa katika hali ya kubana umeme, kwani hali hiyo huipunguzia kasi kwa makusudi. Ziondolewe programu za majaribio zilizowekwa kiwandani, na zile zinazojiwasha zenyewe zizuiwe. Kuwa na programu mbili za kupambana na virusi kwa wakati mmoja ni kuweka walinzi wawili wanaopekuana wao kwa wao. Zile "programu za kuongeza kasi" zinazotangazwa mitandaoni mimi huziweka kundi moja na dawa za kuongeza urefu.

Baada ya hayo yote, ikiwa diski bado iko asilimia 100 na RAM imejaa, tiba ni kifaa: SSD badala ya diski ya kuzunguka, na RAM ya nyongeza pale ubao unaporuhusu. Gharama yake ni sehemu tu ya bei ya kompyuta mpya. Kwa dada yetu tulibadilisha diski na kufikisha RAM gigabaiti 8, na kijana sasa anaoga kwa wakati wake.

Fundi wa kwanza, hata hivyo, alikuwa ameacha jeraha jingine. Alifuta mfumo halali, uliokuwa umelipiwa ndani ya bei ya kompyuta, akaweka wa wizi ambao masasisho ya usalama yalikuwa yamezimwa. Watu wengi hawajui kwamba tangu enzi ya Windows 8 ufunguo wa leseni hiyo huhifadhiwa ndani ya ubao mkuu na mtengenezaji. Ukisakinisha upya toleo lilelile kutoka chanzo rasmi, mashine hujitambua yenyewe bila malipo.

Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na tunayo Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Sioni sababu ya mfuko wa unga kuandikwa uzito na tarehe ilhali kompyuta inauzwa kwa stika ya i7. Kila kompyuta iliyo rafuni iandikwe mambo manne kwa Kiswahili: kizazi cha prosesa, ukubwa wa RAM na kama inaongezeka, aina ya diski, na kama mashine ni mpya au ni ya mtumba iliyofanyiwa ukarabati.

Na nyinyi mnaoandaa zabuni katika mfumo wa NeST, tazameni vielelezo vya kompyuta mnavyovinakili kutoka zabuni ya mwaka juzi. Palipoandikwa "diski ya terabaiti 1" bila kutaja aina, mzabuni ataleta ya kuzunguka, atakuwa hajavunja mkataba, na mwananchi aliye dirishani ataendelea kuambiwa kwamba mtandao unasumbua.