Aliyelipia Redio ya Babu

Barua ilifika kwenye nyumba tuliyopanga wanafunzi watano kwa mkataba mmoja, kaskazini mwa Uingereza. Haikuwa na jina la mtu, iliandikiwa tu mkaazi wa nyumba. Ilisema hatuna leseni ya televisheni, na kwamba anayetazama matangazo ya moja kwa moja bila leseni anaweza kupigwa faini ya hadi pauni 1,000. Leseni yenyewe, mwaka huo wa 2025, ilikuwa pauni 174.50.

Mwenzangu aliikunja akaitupa kwenye pipa. "Mimi BBC siangalii. Kwa nini niilipie?"

Kila nikisikia swali hilo namkumbuka babu. Jioni, Muheza, akishakula, alikuwa akivuta antena ya redio yake ya betri na kusikiliza Dira ya Dunia. Mtoto akipiga kelele anatolewa uani. Hakuwahi kulipia hata senti. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na kwa miaka mingi gharama zake zilibebwa na ruzuku ya wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Mwaka 2014 sehemu kubwa ya mzigo ikahamishiwa kwenye leseni. Kwa hiyo miaka yake ya mwisho, babu alisikiliza habari zilizolipiwa na kaya za huku, ambazo nyingi hazijui Muheza iko wapi.

Basi siwezi kumuunga mkono mwenzangu. Shule ya kata inalipiwa hata na asiye na mtoto, kwa sababu ujinga wa mtaa mzima humfikia na yeye. Habari za kweli ni vivyo hivyo.

Lakini wanaoitetea leseni kama ilivyo nao nawapinga. Mwenye jumba la vyumba kumi analipa sawa na mama anayesafisha ofisi usiku. Na kati ya wanaoshtakiwa kwa kutolipa, takriban robo tatu ni wanawake. Mkaguzi anapobisha hodi mchana, mara nyingi wao ndio walioko nyumbani kufungua mlango. Ujerumani ilimwondoa mkaguzi huyo mwaka 2013: kila makazi yanalipa, yawe na televisheni au hayana. Ila kiwango kilibaki kimoja kwa tajiri na kwa maskini, na tangu 2021 ni yuro 18.36 kwa mwezi.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2022 ilifuta ada ya yuro 138, ikatumia sehemu ya VAT badala yake. Watu walishangilia. Mimi naona hatari: kituo ambacho fungu lake linajadiliwa na wanasiasa kwenye bajeti ya kila mwaka kitajifunza kumwangalia waziri usoni kabla ya kumuuliza swali. Sisi tuliokulia kwenye taarifa za habari zinazoanza na ziara ya kiongozi hatuhitaji kufundishwa hilo.

Njia ya haki ipo, na inatumika. Finland tangu 2013, na Sweden tangu 2019, zinamtoza kila mtu mzima kulingana na kipato chake, kwa ukomo uliowekwa. Asiye na kipato halipi. Na fedha hizo zinatunzwa nje ya bajeti ya kawaida ya serikali. Hakuna anayebisha hodi, na hakuna mama anayeburuzwa mahakamani kwa ajili ya televisheni. Uingereza ingeweza kufanya hivyo hivyo.

Jumapili nilimkuta mwenzangu sebuleni akitazama mechi moja kwa moja kwenye simu, chaneli ya kulipia. Nikamwambia sheria inadai leseni hata kwa hiyo. Nikaitoa barua kwenye pipa, nikaibandika kwenye friji, na chini yake nikaandika: 174.50 kwa watu watano, 34.90 kila mmoja.

Wangu nimeshatoa. Nitaendelea kuilalamikia sheria hii, lakini deni la babu nalijua.