Mtoto wa Mkulima Aonyeshwe Hesabu

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai, nami leo ninawaelekezea msemo huo wazazi wakulima. Msinielewe vibaya, jamani. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima, kwani mimi mwenyewe nililelewa kwa jembe. Lakini kuna kitu ambacho wazee wetu hukificha kuliko hatimiliki ya shamba, nacho ni hesabu. Maoni yangu ni kwamba mtoto akishafika umri wa kubeba debe la kahawa kichwani, amefika pia umri wa kuambiwa debe hilo limeleta shilingi ngapi.

Nilikulia Mathira, Nyeri, katika shamba la ekari mbili lenye mibuni mia nne. Mavuno makubwa yalianza Oktoba, na hapo hapakuwa na cha Jumamosi wala Jumapili. Tulichuma tangu umande haujakauka. Jioni tulizimwaga buni juu ya magunia na kuzichambua, nyekundu huku, mbichi kule, zilizokauka kando. Halafu safari ya kiwandani, na foleni ya mizani hadi usiku wa giza. Karani aliandika kilo kwenye kikaratasi, baba akakikunja mara nne, akakitia ndani ya koti. Basi, huo ndio ulikuwa mwisho wa kukiona.

Sasa niwaulize, sisi tungejuaje yaliyokuwa yakitendeka duniani? Mwezi wa Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliozigawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Mwaka wa 1993 shilingi yetu nayo ikapoteza thamani vibaya, na mbolea na dawa ambazo hutoka ng'ambo zikawa hazishikiki. Kung'oa mibuni bila kibali kulikatazwa na sheria, kwa hivyo baba akapanda maharagwe katikati ya mistari na kukaa kimya. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka wa 1994, bei ikapanda tena, lakini yetu ilikuwa imekaa misimu miwili bila mbolea wala dawa. Buni zilikuwa zikigeuka nyeusi na kuanguka kabla ya kuiva. Bei nzuri ikatupita hivi hivi tukiitazama.

Mimi wakati huo nilikuwa bweni, tena mwenye maringo. Kila likizo nilirudi na orodha: viatu, blanketi, pesa za safari. Nilipotumwa nyumbani kwa ajili ya karo, niliona kwamba baba ni mchoyo tu. Si tulichuma? Si gari la kiwanda lilipita limejaa? Nilimnunia wiki nzima, mimi niliyekuwa nikila maharagwe yake.

Likizo ya Agosti mwaka wa 1995 aliniambia nimletee koti lake, na katika kulichukua kikaanguka kikaratasi. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Kilo 1,380 kwa msimu mzima, kila kilo shilingi nne, jumla 5,520. Mbolea, dawa na mkopo vilikatwa 4,900. Zilibaki shilingi 620. Karo yangu ya muhula mmoja ilikuwa 2,800.

Nilimwendea dada yangu mkubwa jikoni nikamwonyesha. Hata hakushtuka. Kumbe mama alikuwa amemwambia zamani! Alikuwa ameacha shule baada ya darasa la nane, na sisi wadogo tuliambiwa ati hapendi masomo. Dada alikuwa na alama nzuri kuniliko.

Kuna wazazi watakaonijibu kwamba hadithi hiyo inanikana: mtoto aliyejua ndiye aliyeacha shule. Baba mwenyewe ananiambia hivyo hadi leo. Husema mtoto akijua deni halali usingizi. Mimi nasema dada alibeba siri ile pamoja na mama, wawili tu, huku mimi nikidai blanketi. Laiti tungeambiwa sote, ningekubali kusoma shule ya kutwa iliyokuwa maili mbili kutoka nyumbani, na pengine pesa zingemtosha naye. Labda zisingetosha. Lakini hakuna aliyepewa nafasi ya kupiga hesabu hiyo, na hili ndilo linaloniuma.

Nawageukia sasa nyinyi wanachama wa Kiswahili mlio madarasani. Wengi wenu mnatoka kwa wakulima wa majani chai, mnaingoja bonasi kama sisi tulivyoingoja kahawa. Je, mnajua mbolea imekatwa kiasi gani kabla bonasi haijafika? Enyewe wengi hawajui. Mnajua tu kwamba mzee amekataa kununua simu. Muulizeni kwa adabu, msimwendee kama polisi. Mwambieni mnataka kumsaidia kujumlisha. Na nyinyi wazazi mtakaosoma jarida hili siku ya wazazi, msiseme mtoto ni mdogo. Mbona akichuma hakuwa mdogo?

Mimi siku hizi sina kahawa, nafuga ng'ombe watatu. Risiti za maziwa zimetundikwa kwenye msumari ukutani karibu na meza ya chakula, na wanangu wawili huzijumlisha kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa Februari tulipata hasara kwa sababu ya bei ya chakula cha ng'ombe, na wakaiona. Mkubwa alinuna kidogo. Mdogo, ambaye yuko darasa la sita, aliuliza kwa nini tunalisha dume ambalo halitoi maziwa. Tuliliuza wiki iliyofuata.